Kwenda kazini kwa mguu au baiskeli bila kuishia njiani

Wengi wanaoanza hii kitu wanaacha wiki ya pili, na sio umbali unaowashinda, ni jasho na makalio kuuma. Kwahiyo tuanzie hapohapo.

Jasho. Usitembee kama unafukuzwa! Mwendo sahihi ni ule unaoweza kupiga stori vizuri tu ila ukijaribu kuimba pumzi inakata, hapo moyo unafanya kazi na shati bado liko salama. Toka mapema kidogo, begi funga kwenye karia sio mgongoni maana mgongo ndo unaloa wa kwanza, shati la kazi libebe, na ukifika kaa dakika 5 au 10 upoe ndo ubadilishe, ukivaa shati safi mwili ukiwa bado wa moto umefanya kazi bure.

Makalio na magoti sasa, hii ni siti. Panda baiskeli umeegemea ukuta, pedali moja iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake, mguu unatakiwa unyooke. Goti likikunja pandisha siti, ukibaki unaning'inia ishushe. Mimi niliendesha miezi mitatu siti ikiwa chini nikajiona nina magoti ya mzee, kumbe ni spana moja tu. Na upepo cheki kila wiki, tairi laini inakufanya uone tambarare kama mlima.

Unakaa mbali? Panda basi, shuka mapema, umalizie kwa mguu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sasa dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa siku 5 si ndo hizo hizo, na hujalipia gym. Misuli ya miguu ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na presha nayo inashuka taratibu ukizoea. Ila kama unatumia insulini ongea na daktari wako kwanza, sukari inaweza kushuka sana ukiwa barabarani, na tembea na kitu kitamu mfukoni.

Giza likiingia washa taa mbele na nyuma. Na usianze Jumatatu jamani, jaribu njia siku ya mapumziko, hesabu dakika, halafu ongeza 10 za kupoa.