Mabehewa ya treni ya mfano yakiachana, kagua kokoto kabla ya kulabu

Mabehewa yakiachana mahali palepale kila mara, tatizo liko kwenye njia ya reli. Yakiachana popote, hapo ndipo ushuku kulabu zinazoyaunganisha.

Pitisha kidole juu ya mataruma: kokoto zisizidi usawa wake. Upande wa ndani wa reli ndio wa kuchunguza hasa, maana ukingo wa gurudumu hupita hapo na punje moja iliyogandia hulinyanyua. Ikwangue kwa bisibisi nyembamba. Ukigandisha kokoto upya, changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, tia tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea taratibu. Njia zinapogawanyika, gundi isifike kabisa kwenye ndimi zinazosogea.

Kimo cha kulabu kipime kwa geji (kifaa cha kupimia), macho hudanganya. Kwa treni za HO (ukubwa wa 1:87), geji ya kampuni ya Kadee huwekwa relini, behewa likasogezwa hadi kulabu yake ikutane na ya geji. Ya behewa imeshuka? Weka washa (kipete bapa) nyembamba kati ya bogi (fremu ya magurudumu) na sakafu ya behewa, halafu upime ncha zote mbili za behewa. Waya unaoning'inia chini ya kulabu ukigusa kokoto, upinde juu kidogo kwa koleo. Tafadhali usiukate: ndio unaovutwa na sumaku ya kuachanisha mabehewa.