Babu alikuwa Mhindi au Mpakistani? Namna ya kufuatilia ukoo uliokatwa na mpaka wa 1947

Mtu akikwambia babu yake alizaliwa Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, mwaka 1920 halafu anauliza yeye ni Mhindi au Mpakistani, usikimbilie kumjibu, manake 1920 hakukuwa na Pakistan. Pakistan ilianza tarehe 14 Agosti 1947, India ikapata uhuru kesho yake, na mstari wa kuligawa jimbo la Punjab kati ya nchi hizo mbili ukatangazwa tarehe 17, yani kuna watu walishasherehekea uhuru na hawajui kijiji chao kimeangukia upande gani. Aliyeuchora ni Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya hapo, akapewa kama wiki tano tu. Kwa hiyo achana kwanza na nchi, tafuta kijiji.

Anza na wazee na anza leo, aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa anagonga 90. Muulize kama Wapunjabi wanavyoulizana wenyewe, "tuhada pind kehra hai", kijiji chenu ni kipi. Andika jina vile vile anavyolitamka, halafu uliza kulikuwa na nini jirani: mfereji, stesheni ya treni, kaburi la walii, gurdwara (hekalu la Masingasinga), kwa sababu majina ya vijiji yanajirudia sana. Akinyamaza usimbane. Zaidi ya watu milioni 12 walihama mwaka ule na waliouawa ni laki kwa malaki, huwezi kujua yeye aliona nini njiani.

Akikutajia "Chak", yani kijiji cha kwenye mashamba ya mfereji, na namba na herufi, mfano JB, hapo umepata dhahabu. JB ni Jhang Branch, tawi la mfereji uliochimbwa na Waingereza, na chak hizo ziko upande wa Lyallpur, mji ambao tangu 1977 unaitwa Faisalabad. Lakini usiishie hapo! Hivyo vijiji vilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuleta wakulima kutoka Jalandhar na Hoshiarpur, ambazo leo ziko India, na kwingineko, kwa hiyo Singasinga aliyekimbia Lyallpur 1947 huenda alikuwa anarudi kule kule alikotoka babu yake.

Jina la ukoo nalo linasaidia, ila ni dokezo tu, sio ushahidi. Bajwa, Cheema, Gill, Sandhu, Bhatti, haya utayakuta kwa Masingasinga wa India na kwa Waislamu wa Pakistan. Iqbal, mshairi wa taifa la Pakistan, wazee wake wa zamani walikuwa Mabrahmin, tabaka la makuhani wa Kihindu, wa Kashmir. Familia ikikwambia asili yao ni Uarabuni, pokea kwa heshima, iandike, halafu endelea kutafuta.

Karatasi ziko za aina mbili kubwa. Karani wa ardhi wa kijiji, patwari, anatunza shajra nasb, mti wa ukoo wa wenye mashamba. Shida yake ni kwamba imeandika zaidi wanaume, na kama wazee wako hawakuwa na ardhi usitegemee kuwakuta. Kwa Wahindu na Masingasinga kuna Haridwar, ambako makuhani wanaoitwa panda wana madaftari ya familia kijiji kwa kijiji, yaliyojazwa miaka na miaka na watu waliopeleka majivu ya marehemu mto Ganga, na vijiji ambavyo leo viko Pakistan vimo.

DNA ifanye mwisho. Haiwezi kukupa uraia. Na kuwa makini na orodha ya ndugu inayokuja na majibu ya kipimo: Pakistan binamu kuoana ni jambo la kawaida, vizazi na vizazi, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana ndugu wa karibu kumbe ni wa mbali sana.

Sasa lile ambalo watu wanatukanania. Mpunjabi wa Lahore na wa Amritsar, kilomita kama 50 tu, kwa kawaida wako karibu kidamu kuliko huyo wa Lahore na Mbaluchi wa Pakistan hiyo hiyo, au huyo wa Amritsar na Mtamil wa kusini mwa India. Ni kweli na inafaa kusemwa. Ila tafadhali usiichukue hiyo ukamwambia Mpakistani nchi yake ni ya kubuni, hapo unamuumiza mtu bure. Musharraf alizaliwa Delhi akaongoza Pakistan, Manmohan Singh alizaliwa Gah, ambayo sasa iko Pakistan, akaongoza India, na kila mmoja alikuwa mtu wa nchi yake kabisa. Damu inakuonyesha ulikotoka, unakojihesabia ni kitu kingine, na vyote viwili unaweza kuwa navyo.

Ukishapata ndugu upande wa pili, viza ni ngumu, na njia ya mahujaji ya kutoka India kwenda gurdwara ya Kartarpur, Pakistan, iliyofunguliwa Novemba 2019 inategemea serikali mbili zinaelewana vipi wakati huo. Januari 2022 ndugu wawili waliotengana utotoni walikumbatiana pale baada ya miaka 74. Nyie anzeni na simu, na mtume sauti badala ya meseji, manake Kipunjabi cha India kinaandikwa kwa herufi za Gurmukhi na cha Pakistan kwa herufi za Shahmukhi, binamu yako anaweza asisome hata neno moja uliloandika, lakini akikusikia tu unataja jina la kijiji atakuelewa.