Picha za nje zinatoka nyeupe pe au nyeusi ti? Anza na kitufe cha +/-

Ukinunua kamera tu utasikia watu wanakwambia kimbilia M, yaani modi ya kupanga kila kitu mwenyewe, eti ukitumia kitu kingine we si mpigapicha. Achana nao kwanza. Weka A, kwenye Canon imeandikwa Av, hapo unachagua tundu la lenzi mwenyewe halafu kamera inakutafutia spidi ya shata, yaani pazia la ndani linafunguka kwa muda gani.

Mchana wa jua anza na ISO 100 (ISO ni jinsi kamera inavyouhisi mwanga, ukiipandisha picha inang'aa zaidi) na f/8. Namba za tundu zinachanganya maana zinaenda kinyume, f/2.8 ni tundu kubwa na f/16 ni kijitundu. Ukitaka mtu aonekane vizuri nyuma kuwe na ukungu, shuka mpaka namba ndogo kabisa ya lenzi yako, mandhari f/8 au f/11 inatosha, f/22 usihangaike nayo picha inapoteza ukali.

Sasa penye kasheshe ni hapa. Kamera haijui inaangalia nini, mita yake ya kupima mwanga inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwa hiyo ukimpiga mtu kavaa nyeupe juu mpaka chini inaona mwanga umezidi inapunguza, nguo inatoka utadhani haijafuliwa wiki mbili. Mbwa mweusi akijaa kwenye fremu inaongeza, anatoka kama kamwagiwa majivu. Ndo kazi ya kitufe cha +/-: cheupe kingi weka +1, cheusi kingi weka -1. Ndiyo, cheupe unaongeza, wengi wanafanya kinyume. Mtu ambaye jua liko nyuma yake mpe +1 hadi +2, anga litaungua, yaani litatoka jeupe tupu, lakini uso utauona, la sivyo mgeuze tu. Machweo -1, rangi zinakolea.

Na ukimaliza rudisha sifuri jamani!! Nishapiga shughuli nzima na +2 niliyoisahau tangu jana yake, sitaki hata kuzikumbuka zile picha.

Kioo cha kamera juani kinadanganya, usikiamini, fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na mwanga kulia. Ikirundikana ukutani upande wa kulia ujue kuna sehemu zimeungua, na nyeupe ikishaungua haifufuki hata ufanyeje, ila kivuli unaweza kukivuta baadaye hasa ukipiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukiwa na wasiwasi bora iwe nyeusi kidogo.

Spidi nayo iangalie kila saa, A inaweza kukushushia kimyakimya wingu likipita. Mtu aliyetulia 1/125 ya sekunde hadi 1/250, watoto wanaokimbia 1/500, ndege anayeruka 1/1000 kwenda juu. Ukishika mkononi lenzi ya 200mm usiende chini ya 1/200. Ikikataa pandisha ISO 400, 800, hata 1600, chenga kidogo (vile vidoadoa) zinavumilika, picha iliyotikisika ni ya kufuta.

Siku ukitaka kuonja M, chukua kanuni ya zamani ya enzi za filamu: jua kali bila wingu, f/16, na spidi inayokaribiana na ISO yako, yaani ISO 100 unaweka 1/125. Ukifungua hadi f/8 mwanga umeongezeka mara nne, basi spidi nayo unaipandisha mara nne, 1/500. Piga, angalia histogramu, sogeza kimoja tu, piga tena.