Mwaka wa shimo la choo unahesabiwa tangu kufungwa, si tangu kujengwa

Jamani wakulima, faida za choo cha mashimo mawili (moja linatumika, jengine lililojaa limefungwa kinyesi kigeuke mbolea) sizisemi tena, mnazijua, na jivu nnaona wengi mnatia. Leo nnagombana na nyinyi kwa hesabu tu.

Kila nikipita naambiwa "bwana shamba, mwaka ushatimia, natoa mbolea". Mwaka upi? Kule upande wa Micheweni, Pemba, nlimkuta mzee mmoja keshafukua shimo lote, keshatandaza kwenye matuta ya tungule na miche keshapanda, nikamuuliza limefungwa lini, akanambia choo kajenga Ramadhani ya mwaka jana. Sikuuliza kujenga mie! Tukakaa na mkewe tukahesabu, kumbe shimo la pili wamelihamia mfungo nane (mwezi wa nane baada ya Ramadhani), mana ake kinyesi cha juu kina miezi minne tu, na ukifukua ndo hicho cha juu unachoanza nacho. Miche ikang'olewa, pesa ya mbegu ikapotea, na mzee kaninunia mpaka leo.

Mnasema mbona haina harufu, mbona kavu. Harufu kwisha si dalili ya kitu. Mchango mmoja jike (mnyoo wa tumboni) unataga mayai mpaka laki mbili kwa siku, na yai lake lina ganda gumu, linakaa udongoni miezi na miezi likiwa zima. Watoto wanapewa vidonge skuli, halafu sisi wenyewe tunawarudishia kwenye kachumbari.

Kwa hivo hesabu ni hivi. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka zaidi ya mwaka mzima kwa nchi zenye joto la nyuzi 20 hadi 35, na sisi ndo humo humo. Mwaka unaanza siku mtu wa mwisho alipoliingilia hilo shimo. Na wale mnaohesabu Ramadhani kwa Ramadhani, mwaka huo una siku 354, mnajipunja siku 11, basi ongezeni mwezi mmoja mzima, iwe miezi 13 ya mfungo. Tarehe iandikwe kwenye kifuniko na msumari saruji ikiwa mbichi, au kwa rangi, si kichwani, mana kichwani ndo tunapoharibikia.

Jengine, shughuli. Arusi imekuja, wageni 100, mtu anafunua shimo lililofungwa miezi kumi "kwa siku mbili tu". Hio miezi kumi ishakufa, unaanza sifuri. Na yule anayeelekeza mpira wa maji ya kuogea humo ndani ati yasituame uani, unarowesha mbolea na maji yanashuka kwenye mawe mpaka kisimani, huku kwetu maweni maji hayana kizuizi.

Ikishatimia itakuwa nyeusi, inavunjika kama udongo, bas. Weka kwenye migomba na mipapai: shimo la nusu mita kwenda chini, debe moja, halafu udongo juu usiopungua sentimita 20. Mchicha, karoti na chochote kinacholiwa kibichi usitie kabisa. Mwezi mmoja kabla ya kuvuna chochote, simama kutia mbolea hio. Viatu vya mpira na glavu, na tafadhali msiniambie ndala ni viatu vya kufukulia choo.

Wenye karo la shimo moja linalotumika kila siku, hii haiwahusu, msichote humo hata ndoo moja.

Na kama ushafukua kabla ya wakati, usitandaze. Irudishe shimoni, changanya na jivu kavu, funika, na tarehe ya zamani ifutwe, andika ya siku hio uliyoirudisha.