Kagua chupa kongwe ya bourbon kabla hujatoa pesa

Naishi Louisville, Kentucky, Marekani, na watu hunitumia picha za chupa za bourbon, wiski ya huku, wakiuliza kama ni halisi. Karibu zote ni picha za mbele: lebo na ile namba kubwa ya miaka ya pipani, 20 au 23. Mimi lebo huitazama mwisho. Karatasi inachapishika upya. Kioo na kizibo vinasumbua zaidi kughushi.

Jua kwanza unalipia nini. Bourbon kisheria lazima itokane na nafaka ambayo mahindi hayapungui 51%, na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Pipa jipya lina makali. Joto la Kentucky huisukuma wiski iingie kwenye mbao, baridi ikija inarudi na ladha ya mbao, na ikikaa mno inageuka chungu. Halafu kuna kinachovukia. Pipa lina lita 200 hivi. Likipoteza 4% kila mwaka, baada ya miaka 23 zimebaki lita 78. Mapipa yanayofika huko yakiwa bado matamu ni machache sana, ndiyo maana Pappy Van Winkle ya miaka 23 inagombaniwa. Hiyo, pamoja na mahindi, huwekwa ngano mahali ambapo bourbon nyingi huweka rai (rye), nafaka ya jamii ya ngano, na wazee wa kazi hapa wanaamini ngano huvumilia pipa vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Mwanga

Simamisha chupa wima, washa tochi ya simu nyuma yake. Kwenye chupa iliyotunzwa vizuri, wiski hufika shingoni. Ikishuka kidogo kwenye chupa ya miaka 50 si ajabu, kwa sababu kizibo hupumua. Ikishuka hadi chini ya bega, hewa imeingia kwa wingi na ladha imechoka, hata kama kila kitu kingine ni halisi. Tazama pia kama kuna vipande vya kizibo vinavyoelea. Ukiona ukungu, usikimbilie kusema imeghushiwa: wiski isiyochujwa kwa ubaridi huweza kuingia ukungu ikipoa.

Hatua ya 2: Kifuniko

Hapa usiwe na haraka. Watu hununua chupa tupu za Pappy mtandaoni, wanazijaza bourbon ya bei rahisi na kuzifunga upya. Pitisha kidole taratibu kuzunguka gamba linalofunika kizibo. Niliwahi kuuziwa chupa ambayo gamba lake lilikuwa na mkunjo mdogo upande mmoja, kama plastiki iliyopulizwa hewa ya moto kwa mkono, na chini yake tone la gundi lililokauka. Niliuona ule mkunjo, nikajiambia ni uzee tu. Pesa zikaenda. Tangu siku hiyo, gamba likinitia shaka sinunui, hata muuzaji awe rafiki.

Hatua ya 3: Tarehe zikubaliane

Chupa za zamani zina alama nyingi za wakati, na mghushi husahau mojawapo. Hadi 1985 chupa zilivaa stampu ya kodi, utepe wa karatasi unaopita juu ya kifuniko. Wa kijani ni wa wiski iliyowekwa chini ya sheria ya 1897: ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua minne, kileo 50%. Utepe huo umeandikwa msimu wa kukenekwa (kuchemshwa na kukusanywa mvuke uwe pombe kali) na msimu wa kutiwa chupani. Mwekundu ni wa wiski nyingine.

Kati ya 1935 na 1964 kioo chenyewe kilichorwa maneno ya kukataza kuuza au kutumia tena chupa. Ujazo wa mililita 750 ulichukua nafasi ya ule wa kizamani wa sehemu moja ya tano ya galoni mwishoni mwa miaka ya 1970, na onyo la afya la serikali likaanza Novemba 1989.

Mfano: Very Old Fitzgerald ya kiwanda cha Stitzel-Weller, utepe wa kijani, imekenekwa masika ya 1959, imetiwa chupani masika ya 1967. Igeuze. Chini ya kioo kuna namba ndogo za kiwanda cha chupa, na mara nyingi mbili kati yake ni mwaka. Nikikuta 66 au 67, natulia. Nikikuta 74, kioo hicho hakikuwepo bado wiski hiyo ilipofungwa, na mazungumzo yameisha. Na ukiambiwa Stitzel-Weller ilikeneka mwaka 1995, kataa: mitambo yake ilizimwa 1992.

Chupa mpya za kiwanda cha Buffalo Trace, wanaotengeneza Pappy tangu ubia wa 2002 na familia ya Van Winkle, zina msimbo wa leza kwenye kioo unaoonyesha mwaka na siku ya kujazwa. Msimbo uliokwaruzwa ni sababu tosha ya kurudisha chupa.

Hatua ya 4: Nunua kwa njia halali

Mtu asiye na leseni kuuza pombe ni kosa. Kentucky iliruhusu kuanzia 2018 maduka yenye leseni kununua chupa kongwe kwa watu binafsi na kuziuza. Pita huko, na udai risiti.

Hatua ya 5: Kuitunza

Iweke wima, tofauti na mvinyo, maana kileo kikali hula kizibo. Iwe gizani, mahali penye joto lisilobadilikabadilika. Ndani ya kioo haizeeki tena. Ya miaka 23 itabaki ya miaka 23. Ukiifungua, imalize mapema na watu wako, kwa sababu kadiri chupa inavyobaki tupu ndivyo hewa inavyoiharibu.