Namna ya kuchagua kanga bila kumtukana mtu, na namna ya kusema ukitaka kusema

Mtu akikuonyesha kanga usianze kusifia rangi, soma jina kwanza. Hili nilifundishwa na bibi yangu Tanga kabla hata sijajua kujifunga vizuri, na naliandika hapa kwa sababu siku hizi naona watu wananunua kanga kama wananunua pazia, wanaangalia ua na rangi basi, afu zawadi inaleta maneno ndani ya nyumba wanabaki wanashangaa.

Kwa asiyejua, kanga ina pindo linalozunguka pembeni, ina mji ambao ndo ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maandishi yaliyokaa ndani ya kiboksi kwa chini. Zinauzwa kwa doti, yaani mbili zimeungana, unakata mwenyewe unapeleka kwa fundi cherehani akupindie. Zamani majina yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, hizi za kirumi zilikuja baadaye, na ndugu zetu wa Mombasa wanaoita leso wanaijua sana ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak.

Sasa kwa nini jina lina uzito wote huo? Huku pwani mwanaume akiudhika anaongea, anakaa barazani anasema fulani kanikosea, wanaitwa wazee, yanazungumzwa yanaisha. Mwanamke akisimama mlangoni aseme hivohivo anaambiwa ana mdomo, hajafundwa. Kosa ni lile lile, hasira ni ile ile, ila mmoja anaonekana anadai haki yake na mwingine anaonekana hana adabu, na mimi hili linaniuma mpaka leo. Basi bibi zetu wakaliweka neno kwenye nguo. Jirani anasoma, anaumia, na akija kuuliza unamjibu shoga yangu mbona mi nimevaa kanga tu, na hana pa kukushika.

Na Kiswahili chenyewe kinasaidia hapo maana hakisemi huyo anayeongelewa ni mwanaume au mwanamke. Chukua HASIDI HANA SABABU. Hasidi ni nani? Anaweza kuwa wifi, anaweza kuwa mke mwenza, anaweza kuwa mume mwenyewe aliyekaa pale sebuleni anasubiri chai.

Kwa hiyo ukiwa dukani mwambie muuzaji aifungue yote, usisome iliyokunjwa maana nusu ya jina inakuwa imejificha. Afu angalia kitenzi kinaanzaje. Kikianza na ni- au si-, ujue anayevaa ndo anayesema. Kikiwa na u- au usi-, au ukiona "wako", "mwenzio", kuna mtu anaambiwa. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ni nzuri sana, lakini fikiria unampa mdogo wako aliyehamia kwenu juzi na anakula kwako. Majina yanayomtaja Mungu, mama au "sisi" ndo salama. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU unampa mtu yeyote, hata msibani unaenda nayo. Ila kuna methali ambazo hazimtaji mtu kabisa na ndo mbaya zaidi, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE kwa mfano, ukiivaa kwenye shughuli yenye wanawake hamsini kila mmoja mwenye lake moyoni anaiokota.

Wanaume sasa, nyie nawaomba mnisikilize vizuri. Kaka yangu alinunua doti ya mama mkwe wake, nyekundu nzuri, kitambaa kizito, pesa nzuri katoa. Jina: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Kaka hakusoma, na alivyoambiwa baadae alisema lakini hayo si mapambo tu. Mama mkwe aliikunjua mapajani, akasoma, akapitisha kidole kwenye maandishi kama mtu anayefuta vumbi, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile ya dukani akasema ahsante baba. Hakuna aliyegomba. Lakini hiyo kanga hakuivaa, na wiki hiyo mke wa kaka alipigiwa simu anaulizwa kuna nini huko kwenu.

Kaka alitaka kwenda kuomba radhi, bibi akamkataza. Ukiomba radhi kwa mdomo unakuwa umekubali kwamba ulisema. Kosa la kanga linarekebishwa na kanga. Ikatafutwa NANI KAMA MAMA, akapelekewa na mke, si kaka, bila maelezo yoyote. Mama mkwe alikuja nayo arobaini ya mtoto, kajitanda, jina liko mgongoni kila mtu anasoma.

Hapo kuna kingine cha kujifunza, kuvaa nako ni kusema. Ukijifunga jina linakaa nyuma, yaani anayesomeshwa ni yule unayempa mgongo, ndo maana mtu anayetaka ujumbe ufike atapita mbele yako mara mbili tatu bila haraka. Kama umeipenda kanga kwa rangi ila hutaki neno lake, ijifunge chini ya nguo nyingine au vaa ndani kwako ukipika. Na ukitaka kusema kweli, chagua jina moja, vaa siku moja, acha. Anayerudia kila Ijumaa ameshatoka kwenye fumbo ameingia kwenye matusi na heshima yote ya fumbo inapotea.

(Wanaume msione hamna kanga yenu. Yale maneno nyuma ya daladala na malori ni nini kama si majina? Mnasema vilevile, tofauti tu mnasema na barabara nzima na hakuna anayewauliza mmefundwa na nani.)

Na ukipigwa wewe kijembe? Usiulize, ukiuliza umekiri. Kama lazima ujibu, jibu kwa kanga, na usijibu siku ileile. Bibi alikuwa na moja ya Mungu tupu, imepauka kwa kufuliwa, na kila akirushiwa neno anatoa hiyo, anajitanda, anaenda kwa huyohuyo aliyemrushia kuomba chumvi. Wanakaa jikoni wanaongea bei ya samaki mpaka jua linazama.

Hiyo kanga ninayo mimi sasa. Nailoweka kwa mkono, mashine itamaliza maandishi.