Kuchomelea bila kuunguza jengo: fuata cheche inakoishia

Kabla hujawasha mashine, jiulize: lazima chuma hiki kichomelewe hapa? Kama kinaweza kufungwa kwa nati, kukatwa kwa msumeno wa mkono au kupelekwa karakana, fanya hivyo. Ikishindikana, chukua kibali cha kazi ya moto cha siku hiyo na mahali hapo, na msimamizi asaini baada ya kufika kujionea. Kibali kilichosainiwa ofisini hakizuii kitu.

Hatua inayofuata mimi huipa muda kuliko kuchomelea kwenyewe. Ondoa mbao, maboksi, tina (kiyeyusho cha rangi) na maranda yote umbali wa mita 11 kila upande. Kisichohamishika kifunike kwa blanketi lisiloshika moto; turubai la plastiki litawaka. Kisha piga magoti utazame sakafu. Tone la chuma kilichoyeyuka hubiringika kama punje ya mtama, likapata tundu la bomba na kudondokea ghorofa ya chini. Ziba kila tundu. Katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 11 Aprili 1996, kazi ya kuchomelea kwenye barabara ya juu iliwasha povu la kuhami joto lililokuwa chini yake. Watu 17 walikufa.

Zunguka na nyuma ya ukuta. Niliwahi kuchomelea bomba lililopenya ukutani. Upande wangu palikuwa pamefagiliwa vizuri, kumbe joto lilisafiri na bomba hadi kwenye rundo la magunia chumba cha pili. Tuliokolewa na harufu ya moshi.

Kwa kazi ya gesi, simamisha mitungi wima, ifunge mnyororo, hakikisha vizuia-moto-kurudi (vifaa vinavyozuia moto usirudi hadi mtungini) vimewekwa, na paka maungio maji ya sabuni. Ukiona mapovu, gesi inavuja; usiwashe.

Sasa weka mlinzi wa moto, mwenye kizima moto na asiye na kazi nyingine. Ukishavaa kofia ya kuchomelea huoni zaidi ya ncha ya elektrodi (fimbo ya kuchomelea), kwa hiyo macho yako ni yeye. Asitumwe hata kuleta spana.

Ukimaliza, abaki palepale angalau dakika 60, maana cheche ndani ya maranda hufukuta kimya muda mrefu kabla ya kulipuka moto. Apite ghorofa ya chini na nyuma ya ukuta, akisogeza kiganja karibu na chuma kusikia joto. Ndiyo maana mashine mimi huizima mapema, saa moja na zaidi kabla watu hawajatawanyika. Mlinzi akirudi na kusema pamepoa, ndipo kibali kinafungwa.